Damu ya Mzee

Tangu asubuhi nabishana na kijani.
Chumba changu kipo ghorofani, Double Road,
juu ya duka la vipuri, na mvua ya Aprili
inapiga bati kama mtu anayedai kodi.

Kwenye skrini, tovuti ya wakulima wa Uru.
Nikatandaza kijani cha mgomba, pembe hadi pembe,
na kitufe cha kuagizia kahawa
nikakipaka nyekundu ya buni iliyoiva.
Nikajiona fundi. Shamba lenyewe hilo!
Nani atapinga?

Bwana Aminieli Temba, mhazini wa ushirika,
akavua koti lililolowa, akaketi,
akatazama kama mtu anayehesabu pesa za watu.
"Pazuri. Sasa wananunulia wapi?"
"Hapo, mzee. Kwenye kitufe."
"Kitufe kipi?"

Nikadhani miwani. Akaifuta kwa pindo la shati,
akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.
"Mimi hapo naona jani tu."

Chini, mtu aligonga rimu kwa nyundo.
Ndipo akaniambia, bila haraka,
kwamba kwake nyekundu na kijani ni mapacha
tangu utotoni, na soksi humchagulia mkewe.
"Lakini umechuma buni miaka arobaini!"
Akanyoosha kidole gumba na cha shahada,
akavisugua hewani:
"Iliyoiva hulegea. Mbichi inakukatalia."

Basi nikafuta. Yote.
Ukurasa ukabaki kijivu
kama Moshi ya siku ile, mlima haupo,
nikaanza na kiza na nuru tu:
kipi kizito, kipi chepesi,
kipi kinaweza kukaa juu ya mwenzake bila ugomvi.
Kisha nikaziita rangi kwa majina ya nyumbani.
Samawati ikapwaya.
Ugoro ukayapigia chafya maandishi.
Rangi ya chungwa ilikuja na kelele zake, nikaitoa nje.
Maji ya kunde ikakaa pembeni, na adabu,
nikaiacha.
Usuli nikautia rangi ya buni iliyomenywa
ikalala siku nane juu ya kichanja,
nyeupe iliyochoka kidogo.
Na kitufe: nyekundu iliyozama, ikazama tena,
ikakaribia kuwa usiku.

"Hiki hapa."
Kidole kilitua kabla sijauliza,
kikaacha tone la mvua kwenye kioo.
"Rangi gani hii?"
"Damu ya mzee."
Akakitazama kidole chake, akanitazama mimi.
"Mbona hamkuniomba kwanza?"

Sikuwa na jibu.
Nikaandika tarakimu zake sita daftarini.