Saa Nne

Saa nne usiku, Kutaisi, theluji imechoka kuanguka,
Bibi Tsiala wa ghorofa ya tano akagonga kwangu,
kompyuta kaiviringisha kwenye taulo
kama kuku mgonjwa.
"Mamuka," akasema, "imemsahau Otari."

Sikucheka. Nilijua anachosema.
Diski moja, kaya mbili:
upande huu Windows ya bibi, bili za gesi,
picha za wajukuu walioko Thesaloniki;
upande ule Linux ya mumewe,
aliyetutoka mwaka juzi, zabibu zikivunwa.
Zamani ukiiwasha, kioo kilibaki cheusi,
kikakupa sekunde kumi za kujibu:
unaingia kwa nani?
Sasa hakiulizi. Kinapita moja kwa moja kwa bibi,
kama mgeni ambaye hakuambiwa
kwamba nyumba hii ilikuwa na mwanamume.

"Ni sasisho la juzi," nikamwambia.
"Limejiweka mbele ya foleni, basi."
Nikabonyeza F2, nikashuka chini kabisa,
kwenye orodha ya nani aamke kwanza.
Jina lilikuwa moja.

Nikachomeka flashi. Ikakataa.
Nikazima ulinzi wa kuwashia, nikachomeka tena,
tundu la upande wa pili, flashi nyingine,
ile yenye ufa niliyoapa kuitupa.
Hiyo ndiyo iliyokubali.

Nikahesabu vizigeu. Cha kwanza, cha pili, cha tatu,
na cha nne: gigabaiti themanini, hazijaguswa.
"Yupo?" akauliza bibi,
akipukuchua komamanga kwenye bakuli langu.
"Yupo. Mlango ndio uliozibwa."

Nikafungua faili moja, nihakikishe tu.
Nilitarajia barua. Zilikuwa namba:
tarehe, na kina cha mto Rioni pale darajani,
kila asubuhi, miaka kumi na tisa.
Mita moja na kumi. Mita moja na kumi na mbili.
Mahali fulani: *mita tatu, viatu vimekwenda na maji.*
Safu ikaifikia siku ya maziko yake
na haikukatika.

Nikamtazama bibi.
Akatoa mfukoni bahasha ya kampuni ya gesi,
nyuma yake tarakimu za penseli,
siku kumi na moja zinazosubiri kuingizwa.
"Mto haungoji fundi," akasema.

Nikaandika amri ya kurudisha menyu. Kosa.
Nikatukana kwa Kimegreli asinielewe;
akanijibu kwa Kimegreli.
Nikarudia, safari hii nikikumbuka kuunganisha kwanza
kile kizigeu kidogo cha mwanzo,
kidogo mno hata hudhaniwi kuwa na kazi,
kumbe funguo zote ziko humo.
Zima. Washa. Kioo cheusi.
Majina mawili.

Akaingia kwa Otari.
Akanakili bahasha yake kwa kidole kimoja,
siku baada ya siku, akiitamka kila namba kimyakimya,
akafunga, akarudi upande wake.
Hapo nikaiona saa ya pembeni.
Ukutani kwangu ilikuwa saa saba usiku.
Kompyuta ilisema saa tatu.

"Ngoja, na hili nalo," nikasema.
"Mifumo yenu haielewani juu ya saa.
Yeye huiweka ndani kwa saa ya dunia,
wewe unaisoma kama ya hapa nyumbani.
Kila ukitoka kwake unapoteza saa nne.
Ni mstari mmoja tu, tazama, nimeshauandika,
sijabonyeza."

Akauweka mkono wake juu ya kibodi,
mkono wenye madoa mekundu ya komamanga.
"Nani kakwambia napoteza?"

Nikaufuta mstari, herufi moja moja.
Akaifunga kompyuta yake katika taulo,
akauliza deni lake ni kiasi gani, hakungoja jibu,
akapanda ngazi akishikilia ukuta.
Bakuli likabaki kwangu.
Nilizila punje zile nikiwa nimesimama.
Zilikuwa chachu.