Herufi Mbili Shingoni mwa Lenzi

Niliinunua Mwanga, kwa kijana aliyeshuka na treni ya alfajiri,
imeviringishwa ndani ya soksi ya shule.
Shingoni ina herufi mbili nyeupe.
Akaniambia: hii, dada, haiogopi mvua.
Nikalipa. Sikumuuliza mvua ipi.

Maana mvua za Kigoma si moja.
Kuna rasharasha inayolaza vumbi jekundu la Gungu,
ikapita kama mgeni asiyetaka chai.
Na kuna ile inayoanzia ng'ambo, milima ya Kongo:
unaiona inavuka ziwa kwa miguu yake,
unawahi kuanua dagaa, nguo huziwahi.

Hiyo ya pili ndiyo iliyonikuta Kibirizi,
harusi ya Yozefina Ntahondi.
Watu walikimbilia turubai. Mimi nilibaki,
nina herufi zangu mbili.
Nikapiga picha thelathini na nane.
Ya thelathini na tisa ilitoka maziwa matupu.

Fundi Bukuru hakucheka. Alitandika taulo,
akaichomoa lenzi kwenye kamera, akaigeuza,
akanionyesha nyuma yake kabisa
uzi wa mpira, mwembamba kama shanga za kiuno cha mtoto.
"Herufi zako ndizo hizi. Basi."
Ulikuwa umekauka, upande mmoja umepasuka.

Akaongea na bisibisi mdomoni:
kila kiwanda hujitungia herufi zake,
hakuna mizani moja inayozipima zote.
Huyu akiandika, amekusudia vumbi na matone.
Yule ameziba nyuma tu, mbele anakungoja ufunge filta.
Na lenzi iliyozibwa juu ya kamera isiyozibwa
ni mlango wa chuma kwenye kibanda cha nyasi.
"Soma vizuri. Hawakuandika haipenyi.
Wameandika inavumilia."

Inavumilia.

Neno hilo nililisikia siku ileile,
kabla ya mvua, chumbani, nikipima mwanga wa dirishani.
Shangazi wanne wamemzunguka Yozefina,
wanamkaza kitenge, wanambandika.
Vumilia. Mmoja baada ya mwingine, kama wapiga mhuri wa posta.
Hakuna aliyetaja kiasi.
Hakuna aliyesema: manyunyu, lakini si gharika;
wala: mpira huzeeka, mwanangu, uwe unaukagua;
wala: na mwenzako naye awe amezibwa.

Mimi walinibandika Kasulu.
Nilikaa nalo miaka sita, watu wakilisoma kwa mbali
na kusifu kiwanda.
Hakuna aliyenigeuza kutazama nyuma.

Bukuru alibadilisha ringi, akaukausha ukungu siku tatu
chini ya taa ya meza, akanitoza elfu kumi na tano.
Pembeni pa kioo pamebaki doa, punje ya ulezi.
Hilo, alisema, halitoki. Utalizoea.
Nikamwambia nitalikumbuka, kulizoea ni jambo jingine.

Nimekata plasta nyeupe, nimeifunika juu ya zile herufi,
nikaandika kwa kalamu ya wino:
Rasharasha, sawa. Ya ng'ambo, turudi ndani.

Yozefina alipokuja kuchukua picha zake
aliisoma ile plasta mara mbili,
kimya, kidole kikifuata maandishi.
Kisha akauliza kama imebaki kipande.