Ni Zamu ya Nani

Tuliinunua Memorial, juu ya turubai la mitumba,
kati ya viatu visivyo na wenzao na pasi iliyoungua:
mashine ya kiganjani, ya kijivu, pembe ya kioo ina ufa.
Muuzaji alisema mchezo ulioganda ndani hautoki.
Basi tukaucheza huo huo miaka minne.

Vilima viwili, bonde, maji chini.
Askari wanne wanne, wafupi kama vidole gumba,
tukawabatiza: Padre, Mjomba Evaristi,
Mwalimu wa Hesabu, na Mbuzi.
Unapiga, unampa mwenzako. Anapiga, anakupa.
Unapima pembe, unabana kitufe mpaka mstari ujae,
na kishale kule juu kinakuambia upepo:
kushoto, alama tatu.

Mimi nilikuwa mtu wa kubahatisha.
Melkiori alipima kwa njiti ya kiberiti juu ya kioo,
akakuna kidevu kisicho na ndevu,
akasema, "Upepo si adui, dogo. Upepo ni hesabu."
Kisha Padre wangu akaruka, chubwi, majini.

Betri zikichoka tulizianika juu ya bati,
kando ya kahawa ya mama.
Zilitupa raundi mbili, tatu, kioo kikafifia
askari wangali wamesimama, wanasubiri.
Ila ilikuwa na wema mmoja mashine ile:
ikizimika, hukumbuka ni zamu ya nani.

Sasa tumevuka arobaini,
na kihamba cha baba kule Uru
kina vilima viwili, mfereji katikati.
Yeye ndiye aliyeanza: barua ya mwenyekiti wa kijiji.
Nikajibu kwa wakili wa mjini, mwenye tai.
Akang'oa masale ya mpakani,
akayapanda hatua sita upande wangu.
Nikakata migomba mitatu. Ilikuwa na mikungu.
Baraza la kata, zamu yake.
Baraza la wilaya, zamu yangu.
Na utotoni tulijua, tukasahau:
kombora likimkosa mtu, kilima halikikosi.
Kila pigo huchota udongo,
mpaka aliyeshinda anabaki juu ya kijipande
chenye upana wa unyayo.

Juzi nilifungua sanduku la mama
nikitafuta stakabadhi ya kumshtakia.
Nikaikuta, imeviringishwa kwenye kanga.
Nikachomoa betri za rimoti ya televisheni.
Ikawaka, ikalia ule mlio wake wa kipumbavu.
Mke wangu akauliza macho yana nini. Nikasema vumbi.

Vita vya jioni ile, kabla hajaenda seminari,
vilikuwa pale pale. Mashimo yale yale.
Mbuzi wake, Mwalimu wangu, wengine wote wamezama.
Zamu yangu.
Nikapiga vibaya. Nadhani makusudi.
Shimo jingine katikati ya bonde.

Nikaitia kwenye bahasha ya kaki,
nikampa kijana wa bodaboda pale Majengo.
"Mpelekee Melkiori, Uru, geti la bluu.
Usibonyeze kitu. Mwambie ni zamu yake."

Siku ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya.
Ya tatu nikampigia wakili, tukapanga tarehe.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, ikarudi.
Bahasha ile ile. Ndani, betri mpya,
za bei mbaya, zile asizonunua mtu bahili kama yeye.

Hakupiga.
Alikuwa ametumia silaha tuliyoidharau,
ile isiyoua mtu: boriti.
Ameilaza juu ya shimo langu,
ncha yake inagusa kilima changu.

Nimeikodolea saa nzima.
Huenda ni daraja.
Huenda ni njia ya kumvusha Mbuzi,
na Mbuzi ana baruti mgongoni. Namjua kaka yangu.

Upepo, sifuri.
Kidole juu ya kitufe.
Wakili anapiga simu, naiacha iite.