Brashi ya Inchi Nne

Ilitoka majini Jumatatu, watu kumi na wawili wakiivuta,
ikakaa juu ya magogo manne, tumbo nje,
ukoga wa kijani ukining'inia kama ndevu za beberu.
Nimeukwangua siku mbili. Kucha zangu shahidi.
Mimi si mvuvi. Mimi nauza mandazi hapa Sio Port,
na mashua hii niliinunua kwa mandazi,
moja shilingi kumi, piga hesabu mwenyewe.

Rangi ipo: makopo matatu, nyekundu ya matofali,
stakabadhi nimeifunga kwenye pindo la leso.
Iliyobaki ni njia ya kuipaka.

Ojiambo, mwana wa dada yangu, alitaka mashine.
Kuna kijana Busia hupulizia magari,
atabeba kompresa na jenereta kwa pikipiki,
saa moja tu, anti, itang'aa kama gari la harusi.
Na kweli alikuja. Akajifunga kitambaa puani,
akabonyeza.

Upepo wa ziwa ulikuwa umeshaamka.
Uliichukua rangi yangu ukaitembeza
mpaka kwenye nyavu za Namudira, alikoanika omena:
omena weupe kama fedha, ghafla wana surua.
Namudira hakupiga kelele.
Aliwazoa kwenye karai, akalitua miguuni pangu,
akasema, haya, nunua.
Nikanunua. Mia nane.
Kompresa ikarudi Busia ikiwa imepaka upana wa mlango
na kitoweo cha jirani.

Mwenye duka la vifaa akaniambia rola.
Rola, mama, ni ya mtu mwenye haraka na akili.
Nikaijaribu kwenye ubao mmoja wa juu.
Rola imezoea kuta za benki.
Kwenye mbao huteleza, huruka maungio
kama karani anavyoruka jina lako kwenye orodha,
na nyuma yake huacha vipovu,
na kila kipovu, ukikitazama vizuri, ni tundu la mwezi ujao.

Mang'eni, fundi, alikuwa chini ya mashua ya pili,
jezi imechanika begani, misumari mdomoni.
Hakunishauri. Aliuliza tu, kupitia misumari,
mwaka jana ilikuwa inaingiza maji wapi?
Nikamwonyesha: hapa kwenye ufa wa mkuku,
na hapa, pamba ya kalafati ilipochomoka.
Akaitazama rola mkononi mwangu.
Akarudi kugonga.

Basi brashi.
Inchi nne, mpini wa mti, na nywele zinanyonyoka:
nazichomoa kwenye rangi mbichi moja moja
kama nywele kwenye unga, kabla mteja hajaona.
Nimelala chali juu ya gunia, mashua nzima juu ya pua yangu.
Rangi inashuka kwenye kiganja, kifundo, kiwiko,
inaingia kwapani bila hodi.
Nasukuma ndani ya ufa, narudi, nasukuma tena,
mpaka ufa ukatae.
Ojiambo anapita na simu yake: bado tu, anti?
Bado. Unga nao hauumuki kwa sababu wewe una njaa.

Jana jioni nilimaliza mkono wa pili.
Nilizunguka na taa, nikiinama, nikijisifu kimoyomoyo,
ndipo nikayaona: mapaja manne makavu,
meupe, upana wa sahani,
pale magogo yanapoibeba.
Hakuna brashi inayofika hapo.
Hapo panataka watu sita wainue, wakae wameinua,
nami nipite chini haraka nikiomba migongo yao isichoke,
kisha gogo lishikilie pengine,
juu ya rangi ambayo bado inanata.
Litaacha alama. Najua litaacha.

Leo nimeamka saa tisa usiku kukanda.
Unga kilo nne, iliki zaidi ya kawaida.
Watu sita, mandazi matano kila mmoja, chai juu yangu.
Omena wenye surua nimewafukia nyuma ya jiko.
Kuku wanapazunguka tangu alfajiri, wanaparua,
nami nawafukuza kwa mkono mwekundu.