Nusu Kijiko

Kikombe cha bati, maji ya uvuguvugu,
nusu kijiko cha chumvi, nusu cha magadi ya maandazi.
Nesi Hyasinta alisema: kila baada ya saa mbili,
na usiku pia, akiamka.
Mimi niliyezoea kupima mvua kwa macho
na uzito wa ng'ombe kwa kumtazama tu,
leo nasawazisha nusu kijiko kwa ncha ya kisu,
hapa Nkuhungu, jikoni kwa watu.

Mionzi ishirini na mbili. Imebaki kumi na tatu.
Napiga mistari nyuma ya kalenda ya duka la pembejeo.

Wiki ya kwanza alicheka:
"Kumbe hakiumi kitu! Wananivisha kinyago
kama mcheza ngoma, nalala, naamka, natoka."
Wiki ya pili mate yakawa gundi.
Wiki ya tatu ulimi ukababuka,
ndani ya mashavu pakapauka
kama mbuga ya Bahi maji yakishatoroka.

Mwanamke aliyeisuta nusu ya Mvumi,
aliyempa mbuzi wa jirani jina la jirani,
sasa anaomba maji kwa kidole.

Nikasema: mlenda.
Mlenda hauna haja ya meno, utapita.
Nikatwanga majani makavu yaliyoletwa na basi,
nikachekecha mara mbili,
sikutia nyanya, sikutia pilipili, ndimu hata sikuigusa.
Akaweka ncha ya kijiko mdomoni.
Machozi yakashuka kabla ya mlenda.
Sikusema neno.
Niliumaliza mwenyewe, nimempa mgongo.

Basi uji. Uji wa uwele,
karanga zilizosagwa hadi zikasahau kwamba ni karanga,
maziwa, na subira: upoe
mpaka kidole kisijue kimeingia kwenye nini.
Dawa ya maumivu kwanza, kisha nusu saa,
kisha vijiko sita. Jana sita.
Leo vinne, na cha tano tulikijadili kwa macho.

Shemeji kaja na kapu la zabibu:
"Za shamba lenu, zimeiva vibaya mno."
Hakujua. Tungemwambiaje?
Mama Nyemo alizichambua moja moja,
akazipanga kwenye sahani, akawaita watoto wa mwenye nyumba,
akakaa anatazama mashavu yao yakifanya kazi.

Halafu kuna mswaki.
Wa mtoto mchanga, una picha ya sungura.
Nawasha tochi ya simu, namwambia: fungua.
Miaka thelathini na mmoja ya ndoa
sijawahi kuchungulia kinywa cha mke wangu.
Nilikijua kwa yaliyotoka tu.
Sasa nakijua kama shamba:
hapa pamechubuka, hapa pana utando,
hapa jino la nyuma lililong'olewa kabla hatujaanza,
hapa usiguse, hapa usiguse,
hapa damu.

Usiku anaandika kwenye daftari la shule.
*Uji wa jana uliunguza.*
Umejuaje, namuuliza, na ulimi wako hauonji?
*Pua haijapigwa mionzi.*
Nilicheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta.
Yeye alicheka kwa mabega,
kiganja juu ya mdomo,
maana kucheka nako kunapasua.

Saa tisa. Upepo wa Julai unavuta bati kama anayelidai.
Nasikia akimeza: sauti ndogo
ya mtu anayepita mlango mwembamba na mzigo.
Naamka kabla hajaniamsha.
Maji. Chumvi. Magadi. Nakoroga.
Naonja mimi kwanza, sijui kwa nini.
Chumvi inazunguka kinywani mwangu
inatafuta kidonda, haikioni,
nami naona aibu, kama niliyekutwa na kitu cha wizi.

Nampa. Anasukutua taratibu,
kichwa kushoto, kichwa kulia,
anatema, ananirudishia kikombe.
Kisha anapapasa kalamu gizani.

*Imezidi.*

Namwaga.
Nachukua kijiko upya.