Wiki Ijayo, Barabara ya Kumi na Sita

Sufuria zimo ndani ya boksi la tatu tangu Machi.
Nimebakiza moja, ya chai, ya wali, ya maji ya kuoga,
na kijiko kimoja ambacho leo nimekitafuta nusu saa,
kumbe kimo mfukoni mwa dera langu.

Nyumba imeuzwa. Nyumba haijauzwa.
Inategemea unamuuliza nani hapa Ngamiani.

Mwalimu Semkiwa kainunua kwa maneno na robo ya bei,
robo ambayo nami nilimkabidhi Bi Zuwena wa Duga siku ileile,
noti bado zina joto la mfuko wa mwalimu.
Zilizobaki atazileta akishauza michungwa yake ya Muheza,
ekari mbili na kisima.
Na mnunuzi wa michungwa, Shekolowa, simjui hata sura,
anangoja mkopo wa chama cha kuweka na kukopa,
na mkopo unangoja saini,
na mwenye saini yuko Dodoma, semina.

Ndiyo maana mimi, Mwanaharusi binti Kombo, fundi cherehani,
nalalia godoro lisilo na kitanda:
kalamu yangu iko Dodoma,
inakula biskuti.

Dalali Chande hupita kila Jumanne.
"Mama, mambo yako jikoni."
Jikoni kwangu, Chande, kuna sufuria moja.

Usiku nahesabu mihuri.
Wa mtaa, upo. Wa mwanasheria, upo.
Wa ardhi umefifia, wakaniambia nirudi.
Nikarudi. Wino umekwisha.
Nikanunua wino, shilingi elfu tatu,
risiti ninayo.

Subira huvuta heri, haya.
Naivuta mwezi wa nne huu, viganja vimechubuka,
heri imejikita kule kule kama punda wa chokaa.

Juzi, baada ya isha, simu ikaita. Bi Zuwena.
Mwanawe kapata kiwanja Morogoro,
mwenye kiwanja anamkaba koo.
Sauti yake ilikuwa nyembamba, ninaijua sauti ile,
ndiyo yangu ninapozungumza na mwalimu.
"Lini, mwanangu?"
Nikakisikia kinywa changu kikisema,
"Wiki ijayo, inshallah,"
kikavu, bila haya, kama kinywa cha Chande.

Nikakaa chini.
Feni nilishaling'oa, darini imebaki ndoano tu.
Nikaitazama ile ndoano muda mrefu.
Kumbe na mimi ni Dodoma ya mtu.

Nikampigia tena. Nikamwambia sijui.
Nikamweleza michungwa, mkopo, saini, semina,
kimoja kimoja, kama anayetunga shanga gizani.
Akanyamaza hata nikadhani salio limekwisha.
Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka,
akaniuliza, "Umekula?"

Sikuwa nimekula.

Asubuhi nikaikata kamba ya boksi la tatu.
Sikuvitoa vyote, sijafika huko.
Nilitoa mbuzi ya nazi.
Nikaikalia pale mlangoni, penye vimo vya wanangu
vilivyochorwa kwa penseli, Rukia juu ya Hemedi
mpaka mwaka ule Hemedi alipompita,
nikakuna nazi nzima, na ya pili,
mpaka mikono ikasahau kushika simu.

Saa saba mwalimu akabisha hodi, uso umemshuka.
Hana jipya. Nilijua kabla hajavua viatu.
Nikalirudia boksi, nikatoa sahani ya pili.
Tukala samaki wa kupaka, kimya,
macho yake juu ya dirisha, kwenye ule ufa
ambao siku ya bei tulijifanya wote hatuuoni.

"Tuuzibe," akasema, "kabla ya vuli."
Tuuzibe, mimi na yeye, au yeye na mkewe,
au mtu mwingine kabisa, sikumuuliza.
Nikanawa mikono,
nikamwonyesha mfuko wa saruji ulipo.