Oili ya Wiki Sita

Makopo mawili juu ya meza ya Chande,
hapa Newala, nyuma ya ghala la korosho:
jeusi, la kawaida, elfu tisa;
la dhahabu, sinthetiki, elfu thelathini na mbili.
Mfukoni nina elfu thelathini na tano,
na Somoe ameagiza unga, dagaa na kiberiti.

Chande hauzi, anaghani:

    Haipotezi uzito, haichoki kwa haraka,
    Hata mlima na joto, haitakutia shaka,
    Injini kama mtoto, huamka ikicheka,
    Kisha utembee sana, ndipo urudi kwa Chande.

Ubeti mzuri. Mimi nahesabu kwa vidole.
Kilomita mia kwa siku: Mkunya, Kitangari,
kushuka bondeni mtupu,
kupanda na madumu manne ya maji
na mwenye maji kakaa juu yake.
Nyeusi naimwaga kila siku ya kumi na tano.
Ya dhahabu, tuseme siku arobaini.
Zidisha, gawanya: elfu nane tu zinawatenga,
kama ndugu wanaokaa ua mmoja
na hawasemezani.

Hesabu, basi, si tatizo.

Tatizo ni kwamba pikipiki ni ya mkataba.
Elfu saba kila jua linapozama,
kwa Bi Asumini wa Masasi,
mwaka mzima, na zimebaki wiki sita
kadi iandikwe jina langu.
Na miezi yote hii niliinywesha oili ya pipa,
ya kupimiwa kwa chupa ya soda,
siku nyingine imeshatumika kwenye lori,
imechujwa kwa kipande cha kanga.
Nilisema: injini si yangu.
Ikikohoa, anakohoa Bi Asumini.

Sasa inakuja kwangu.
Nimekuwa kama mtu aliyeitukana nyumba
kisha akaoa humo humo.

Nangumbi fundi amelala chini, analegeza bolti.
Inatoka nyepesi kama chai ya msibani,
nyeusi kuliko ulimi wangu.
Anaisugua kidoleni, ananigeuzia kidole juani:
vumbi la chuma linametameta.
"Hiyo ndiyo pikipiki yako," anasema,
"unaimwaga kidogo kidogo."

Nikamwuliza kuhusu kopo la dhahabu.
Nilitaka aseme ndiyo. Niliona wazi
nikilimimina lote, injini ikinisamehe.

"Ringi zimelika. Utatia ya elfu thelathini na mbili,
itatokea nyuma moshi wa buluu.
Utakuwa unaifukizia barabara ubani.
Oili hulinda kilichopo, bwana. Haina toba."
Kisha, akijifuta mikono kwenye suruali:
"Mkopi naye alitia ya gari, eti ya kisasa.
Klachi ikateleza, mlima akaupanda anasukuma.
Kwanza badilisha ringi. Mvua zikiisha, njoo tuongee dhahabu."

Nikachukua jeusi. Lenye lakiri,
nikakata mwenyewe kwa meno.
Chande akalirudisha la dhahabu rafuni
taratibu, kama anayemlaza mtoto wa watu.
Nikaandika namba ya kilomita kwenye tangi
kwa kalamu ya kuandikia magunia ya mnada,
nikaongeza elfu moja mia tano, nikapiga mstari.
Namba hiyo nitaitii
kama mgonjwa wa sukari anavyotii kijiko.

Oili chafu nimeibeba nyumbani kwenye dumu.
Jioni naipaka nguzo za jiko jipya,
kuanzia chini, pale mchwa wanapoanzia.
Kila nguzo inakunywa barabara ya Kitangari,
madumu, wagonjwa, magunia, maharusi wawili,
deni la Bi Asumini.

Somoe amesimama na ungo wake, ananitazama.
"Hiyo ndiyo iliyoharibu pikipiki?"
"Ndiyo hiyo."
"Paka na dirishani," anasema.
"Kama imekula chuma, mchwa ni nani?"